Viviti vya Chini

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja Alhamisi na lori lenye mnyororo, wakalivuta gari la baba kutoka kibandani. Lilikuwa limekaa pale miaka mingi, matairi yamezama udongoni, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Lilipoinuka upande mmoja, oili iliyokuwa imebaki tumboni ilimwagika kwenye nyasi, nyeusi na nzito, na harufu yake ikanifuata mpaka mlangoni pa jikoni nilipokuwa nimesimama na kitambaa cha vyombo. Ni harufu ya kitu kilichoungua zamani kikasahauliwa. Mama alikuwa kando ya tangi la maji, shali mabegani, akawaambia wale wanaume waendelee kuvuta, wasijali maua.

Baba tulimzika kabla mvua za vuli hazijaanza. Mama alingoja wageni wa matanga waishe, akawapigia watu wa chuma simu yeye mwenyewe. Hakuniuliza, wala hakumuuliza dada yangu.

Sisi wa rika langu tukikutana kwenye harusi tunapenda sana kusimulia magari ya baba zetu. Lile lililosukumwa kila asubuhi, lile lililofungwa mlango kwa kamba ya katani. Watu hucheka mpaka machozi yakawatoka. Zamu yangu ikifika, mimi husema baba hakuwa na gari. Ni uongo, lakini ni uongo mfupi, na ukweli wake ni mrefu na hauchekeshi. Leo acha niuseme wote, maana gari limekwenda na mwenyewe amekwenda.

Gari lile lilinunuliwa kwa sababu moja tu, nayo ni Shosho. Shosho, mama yake mama, aliishi peke yake bondeni, upande wa Tetu, chini kabisa karibu na mto, kwenye shamba ambalo alikataa katakata kuliacha. Moyo wake ulikuwa mbovu. Kila mwezi alitakiwa kuonwa na daktari mjini Nyeri, na kutoka kwake hadi barabara ya lami ni mlima wa udongo mwekundu wenye kona mbili. Pikipiki hakuiweza, kizunguzungu kingemwangusha kabla ya kona ya kwanza. Basi mama alimwambia baba waziwazi, tukiwa mezani, kwamba watanunua gari ambalo litaweza kushuka kwa mamake na kupanda naye. Rangi, alisema, chagua wewe. Baba akachagua buluu.

Na mimi nilikuwa na nafasi yangu katika jambo hilo. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hiyo mimi ni Wangari kama Shosho. Lakini mama hakuniita Wangari hata siku moja. Nani atamwita mamake kwa jina? Aliniita Mami. Mami njoo ule, Mami umeoga? Hata akinichapa alinichapa kwa heshima, na dada yangu, aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa akisema nimependelewa.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mtu mpole. Alikunja shati mikono mara mbili tu, sawasawa kila upande, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Lakini mpe usukani uone. Kwenye ule usukani alikuwa mtu mwingine, mwenye shingo ngumu, na yeyote aliyempita barabarani, baba alimkumbuka kwa namba ya gari wiki nzima.

Jumapili moja tulikuwa tukienda Nanyuki kumwona shangazi aliyejifungua. Tulipovuka Kiganjo, pale barabara inaponyooka na mlima unaonekana wote ukiwa hauna mawingu, gari jeupe lenye matairi mapana lilitujia kwa nyuma. Dereva wake baba alimjua, kila mtu wa barabara ile alimjua. Alikuwa mfanyabiashara wa Nanyuki, akipeleka nyama kwenye mahoteli. Alitufikia, akakaa sambamba nasi kidogo, akatoa mkono dirishani na kutupungia. Polepole, vile unavyompungia mtoto aliyebebwa mgongoni. Kisha akaenda zake.

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha mtu aliyekuwa akimenya chungwa na kuona kioja. Baba alilifuata lile gari jeupe kwa macho mpaka likapotea. Kwa miaka mingi nimekilaumu kicheko kile. Nimelaumu kila kitu kilichokuwa kwenye gari siku ile, mpaka lile chungwa.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda kwenye mkutano wa chama chake cha wanawake, na kwa kuwa sikuweza kuachwa peke yangu, baba alinichukua akanipeleka Majengo kwa fundi wake, Mzee Rajabu. Mzee Rajabu alikuwa na karakana uani, nyuma ya msikiti, mzee mwembamba aliyevaa kofia nyeupe ambayo, sijui kwa muujiza gani, haikuwahi kushika oili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kitabuni, cha kutamka kila herufi, na alimwita baba Bwana Karani. Nilimpenda kwa sababu aliniuliza maswali na kungoja majibu. Siku hiyo kulikuwa na mgeni pale, kijana kutoka Nairobi anayeitwa Kim, mwenye laptopu na waya mrefu. Aliuchomeka ule waya chini ya usukani, akakaa kwenye kiti cha dereva na kuanza kubofya, na mimi nikakaa kiti cha nyuma nikisikiliza kila kitu.

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno. Kim alisema gari letu lina vivitii. Baba akasema, eeh, hiyo viviti ndiyo nataka uguse.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Najua udogo wa kiti ni kijikiti, nimefundisha hivyo madarasa sijui mangapi. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka tisa na somo la ukubwa na udogo ndiyo kwanza tulikuwa tumelianza. Nikasikia viviti, nikajua ni viti vidogo. Nikajua kabisa, bila shaka yoyote, kwamba ndani ya injini ya baba kuna viti vidogo vimepangwa, vingine chini na vingine juu, na kwamba uzito wa watu wanaopanda gari hukaa pale. Na kila walichosema wale watu wazima kilikubaliana nami. Ati ya chini, ati ya juu. Ati hii iwahi, ile ichelewe. Niliwaona watu wadogo wakigombania nafasi.

Ukweli wake nilikuja kuuelewa baadaye sana. Injini hupumua kwa valvu, nazo hufunguka na kufungika kwa wakati wake. Zikiwahi kufunguka gari linapokwenda polepole, linapata nguvu ya kuvuta mzigo. Zikichelewa kidogo linapokwenda kasi, linapata pumzi ya kukimbia. Injini za zamani zilipangiwa wakati mmoja, basi. Hizi mpya zina kompyuta inayousogeza ule wakati mbele na nyuma gari likiwa linakwenda. Hiyo ndiyo vivitii, herufi za Kiingereza VVT-i zikitamkwa kwa mkupuo. Anayeijua kazi anaweza kubadilisha tarakimu zake kwa laptopu na gari likaamka. Asiyemaliza kazi, pia anaweza kubadilisha.

Kim alisema kweli, sitamsingizia. Alimwambia baba kwamba kuipanga vizuri kunahitaji siku mbili, kulijaribu gari barabarani kuanzia mwendo wa chini mpaka wa juu, hatua kwa hatua, na hasa huku kwetu ambako hewa ni nyepesi. Yeye alikuwa na mchana mmoja. Baba akamwambia aanze na juu. Anataka kasi, anaitaka kabla ya Jumapili ijayo. Basi Kim akasema atamwekea mpangilio wa gari jingine la mashindano alilowahi kulishughulikia, juu itaenda moto, chini itapoteza, na wiki inayofuata akipita Nyeri atamalizia chini.

Mzee Rajabu alikuwa amesimama mlangoni akipangusa spana. Alicheka kwanza, akasema Kiswahili cha Bwana Karani kitaiua injini kabla ya oili. Kisha akaacha kucheka.

"Aliyekitengeneza kitu hiki alikitengeneza ili mtu asichague," alisema. "Akipate cha chini na cha juu. Sasa wewe unakitia mkono ili uchague. Ukiinyima chini, itakufia mlimani."

"Mimi naenda Nanyuki, Mzee," baba akamjibu. "Siendi bondeni."

Nililisikia neno bondeni. Bondeni kwetu palikuwa mahali pamoja tu, kwa Shosho. Nikauliza kutoka kiti cha nyuma kama viviti vya chini ndivyo vya watu wa bondeni, na wote watatu wakacheka, Kim akapiga usukani kwa kicheko. Baba akasema ndiyo, ni hivyo hivyo, vinatolewa kidogo halafu vitarudishwa.

Tukiwa njiani kurudi alisimamisha gari kando ya barabara, karibu na wauza viazi, akanigeukia. Gari lilikuwa likitetemeka hapo liliposimama, mpaka kioo kikawa kinagongana na fremu. Alinishika mkono. "Wewe ni mtu yangu," aliniambia. "Mama asijue hii kitu. Kim akirudi, tutamwambia sisi wawili pamoja." Sikuwa nimewahi kuwa mtu wa baba. Nilikuwa wa mama, jina langu lenyewe lilikuwa la kwao. Nikaapa kwa kidole, nikalamba na kuelekeza juu, vile tulivyoapa shuleni, naye akafanya vilevile, mtu mzima na shati lake lililokunjwa mara mbili.

Wiki ile mama aliliendesha gari kwenda sokoni. Aliporudi aliuliza mbona linatetemeka likisimama, mbona limezimika kwenye mzunguko wa barabara mara mbili. Baba alisema ni plagi chafu, atabadilisha. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikuwa na ugali mdomoni. Nilitafuna.

Jumapili ikafika na baba akanichukua, eti tunapeleka maziwa kwa shangazi. Sasa nitasema kitu ambacho kinaniaibisha. Siku ile ilikuwa nzuri kuliko siku zangu zote za utoto. Tulingoja karibu na Kiganjo, tukila mahindi ya kuchoma, mpaka gari jeupe likapita. Baba akaingia barabarani. Mwanzoni gari lilikohoa na kujivuta, nikadhani tumeshindwa. Kisha kitu kikaamka mle ndani. Sauti ya injini ikabadilika ghafla, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, na baba, ambaye hakuwahi kucheka na meno yote, akacheka. Tulimfikia yule wa Nanyuki, tukawa sambamba naye.

"Mpungie mkono," baba akaniambia.

Nilimpungia. Polepole, kama alivyotupungia yeye. Niliona uso wake ukishangaa, kisha ukabaki nyuma. Alishinda, baba yangu. Nataka hilo lijulikane, kwamba alishinda, maana ndicho kitu pekee alichowahi kushinda na hakuna mtu aliyewahi kumpongeza.

Kim alipiga simu katikati ya wiki kusema yuko Nyeri, alete laptopu amalizie chini? Nilimsikia baba akiongea barazani. Alisema si sasa. Alisema gari liko sawa, asiliguse kwanza, pengine wiki ijayo. Alitaka Jumapili moja zaidi. Hiyo tu. Watu huharibu maisha kwa kutaka vitu vikubwa, ufalme na mashamba. Baba yangu alitaka Jumapili moja.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na ile Jumapili ilikuwa imepita bila baba kutoka. Tulikuwa likizo. Simu ikalia, jirani wa Shosho, mama mmoja aliyemletea maziwa, akisema Shosho anapumua vibaya na midomo yake imebadilika rangi. Baba alikuwa ameenda kazini kwa miguu ili asilitie gari matopeni. Mama alichukua ufunguo msumarini. Kwenye plot ya pili, kiwanja cha jirani tu, kulikuwa na mtu mwenye pikapu, mtu mwema, ambaye angekuja mara moja angeitwa. Mama hakumwita, angemwitia nini? Gari alikuwa nalo, tena lilinunuliwa kwa ajili ya siku kama hii.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikivaa gambuti zangu za mpira. Nilijua viviti vya chini havimo. Niliona ufunguo ukitoka msumarini, na maneno yakanijaa mdomoni, Mama, usilichukue, baba alitoa viviti vya bondeni. Nikaukumbuka mkono wa baba na kile kidole alicholamba. Nikainama nikamalizia gambuti ya pili.

Kushuka tulishuka vizuri. Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao nje ya mlango, chini ya ukingo wa paa, amefungwa blanketi, maana kulala kulimkata pumzi. Aliponiona alijaribu kuniuliza kama nimekula. Mama na yule jirani walimwingiza kiti cha nyuma, nami nikabanwa katikati.

Sasa, mtu wa kwetu anajua jinsi ya kupanda matope. Hupandi kwa hasira. Unaweka gia ya kwanza, unaacha injini ivute polepole, magurudumu yanauma udongo kidogokidogo, na hukanyagi mafuta kwa nguvu hata ukiogopa. Mama aliliweza hilo kuliko baba. Alianza vile alivyoanza siku zote, na gari likakohoa na kuzimika. Akawasha tena. Likazimika. Mara ya tatu alikanyaga mafuta, na kwa sekunde moja hakukuwa na kitu, halafu nguvu yote ikaja kwa pamoja, ile nguvu ya Jumapili, magurudumu yakazunguka pale pale yakirusha udongo mpaka kwenye paa, na gari likateleza kinyumenyume na kuingia mtaroni kwa upande. Harufu ya kuungua ikajaa. Mama alipiga usukani kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo sana, "Una nini leo? Una nini?" Alikuwa akiliambia gari.

Nililijua jibu. Nilikaa kimya katikati ya Shosho na jirani.

Wanaume walikuja kutoka mashambani. Wanne walijaribu kusukuma na gari halikutikisika. Ndipo mmoja wao akasema waache gari, wambebe mgonjwa. Walikimbia wakaleta kile kiti chake cha mbao, wakamketisha, wakamfunga kwa leso kifuani asianguke, na kila mmoja akashika mguu wa kiti. Walimpandisha hivyo mlima, kwenye mvua, mama akiwa kando ameshika mwavuli ambao haukumfunika mtu. Mimi nilikuja nyuma, gambuti zimejaa matope, nikikitazama tu kile kiti kikiyumba mbele yangu. Nilikuwa nimeelewa. Baba alitoa viti, na sasa Shosho amelazimika kuletewa kiti kutoka nyumbani.

Alikufa kabla ya lami. Kwenye kona ya pili wale wanaume walipomtua wapumzike, mama alifunua blanketi, akalifunika tena. Hakulia pale. Alibaki amesimama akiufunga ule mwavuli, na ukawa haufungiki.

Matangani kila mtu alisema saa yake ilikuwa imefika. Mchungaji alisema, wazee wakasema, wanawake wa chama wakasema wakimenya viazi. Baba alitikisa kichwa kukubali, shati lake jeusi limekunjwa mara mbili. Sikumwona akimtazama mama, na mimi hakunitazama kabisa. Mzee Rajabu alikuja kutoka Majengo kutoa pole. Nilimwona akiongea na mama kando ya tangi la maji, akiuliza kitu, na mama akitikisa kichwa kusema ndiyo. Kisha akaaga na kofia yake nyeupe ikashuka njia.

Baada ya wiki moja Kim alikuja na laptopu, asijue lolote lililotokea, kumalizia kazi yake. Baba alimfungulia mlango wa gari, ambalo wanaume wa bondeni walikuwa wamelivuta kutoka mtaroni. Walikwenda siku mbili barabarani, wakapanga chini, hatua kwa hatua, kama ilivyotakiwa. Siku ya tatu baba alitoka peke yake asubuhi na kurudi adhuhuri, gari limejaa udongo mwekundu mpaka madirishani. Alikuwa amelishusha mpaka kwa Shosho na kulipandisha. Nadhani lilipanda bila kukohoa. Akaliingiza kibandani, akalifunika kwa turubai, na hakuliendesha tena maisha yake yote. Mama hakuuliza kwa nini. Alianza kupanda magari ya watu.

Na kitu kingine kilibadilika, ambacho mimi tu nilikiona. Mama aliacha kuniita Mami. Tangu siku ya mazishi nikawa Wangari, Wangari njoo ule, Wangari umeoga? Nilijielezea kwamba jina linamuuma, mwenyewe amekufa. Mtoto hujielezea mambo vizuri sana akitaka. Nikakua na maelezo hayo, nikayaamini.

Ile siri tuliilea sisi wawili, baba na mimi. Hatukuizungumzia hata mara moja. Mara nyingine tukiwa mezani tulikwepana macho wakati mmoja, na nikajua anajua ninachowaza. Nilipokuwa chuoni, fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza gari la mwenye nyumba wangu alilisema lile neno, vivitii, nikamwomba anieleze. Alinieleza kwa dakika tano. Nilicheka, wallahi, nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa, kisha nikaingia chumbani na sikutoka mpaka kesho yake. Viti vidogo! Lakini mbona nilikuwa nimeelewa sawasawa? Alivitoa vya chini akaongeza vya juu, na mtu wa chini akakosa pa kukalia. Hakuna mtu mzima pale karakanani aliyelielewa jambo lile kuliko mimi, isipokuwa mzee wa kofia, naye pia hakusikilizwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Mjukuu mwenyewe ni mimi, na nilikuja nyuma ya kile kiti mlima mzima.

Basi Alhamisi, lori lilipoondoka na vumbi kutulia, nilimwambia mama. Baba hayupo tena, nikaona kiapo kimekwisha. Tulikuwa jikoni, nimetia chai vikombe viwili. Nilimwambia kuhusu Kim na laptopu, kuhusu Jumapili na kupunga mkono, kuhusu gambuti na ufunguo kutoka msumarini. Nilizungumza nikitazama meza. Nilipomaliza nikainua macho.

Mama alikuwa akinitazama bila mshangao wowote.

"Mzee Rajabu aliniuliza kwenye matanga kama wewe na baba yako mlikuwa mmerudisha ile ya chini," alisema. "Nikamwambia ndiyo, mlirudisha. Nilimfichia baba yako aibu. Halafu nikaingia ndani nikangoja mmoja wenu aniambie."

Nilimwambia nilikuwa na miaka tisa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nikawa nalia kwa hasira, hasira kwake, kwa baba, kwa yule mtu wa Nanyuki ambaye pengine mpaka leo hajui chochote. Miaka tisa, Mama. Ulitaka nini kwa mtoto wa miaka tisa?

"Najua," alisema. "Baadaye ukawa na kumi na tisa."

Nje kuku walikuwa wakizunguka pale kibandani wakitafuta kiti chao cha kutagia. Nilingoja. Nilidhani kwamba sasa, kwa kuwa nimesema, kuna neno moja atalisema, lile la zamani, na kwamba akilisema nitaweza kupumua. Mama alivuta kikombe chake, akakifunika kwa kisahani, akakisukuma changu karibu nami.

"Chai inapoa, Wangari," alisema.